Mtandao Wenye Wanachama

Wewe uliye kwenye daladala ya kupanda Kibosho, mwombe dereva asibadilishe stesheni kwanza.

Jioni ya leo tuzungumzie mitandao ya kijamii, lakini ile ambayo wengi wetu tunaisikia kwa majina tu: Mastodon, Bluesky, Pixelfed na jamaa zao. Tangu Mei 2025, pale akaunti za taasisi za umma, ikiwemo ya Jeshi la Polisi, zilipodukuliwa na mtandao wa X ukaacha kufunguka nchini, maswali yameongezeka. Naulizwa stendi, naulizwa kwenye foleni ya benki, nimeulizwa hadi msibani. Na anayeuliza mara nyingi ameshaingia na kutoka. Alifungua akaunti, akakuta kimya, hamjui mtu, hakuna anayemsalimia, akaifuta programu ili apate nafasi ya kuweka video za harusi.

Simlaumu. Ila ninavyoona mimi aliingia kama mteja, na mitandao hii haina cha kumpa mteja. Ina vya kumpa mwanachama.

Tuanze na tulichozoea. Ukifungua TikTok au Instagram, kabla hujagusa kitu imeshakuchagulia cha kutazama, na inahesabu umekitazama sekunde ngapi ili ikuchagulie kingine. Wewe kazi yako ni kidole. Nyuma ya kidole hicho kuna mwenye mali mmoja. Oktoba 2022 Elon Musk alilipa dola bilioni 44 akaichukua Twitter, akabadilisha jina ikawa X, akabadilisha kanuni, akapunguza wafanyakazi, na mtu wa Majengo au Pasua hapa Moshi aliyekuwa amejenga wafuasi wake kwa miaka kumi hakuulizwa neno. Wala hakuwa na haki ya kuulizwa. Kisha mlango ulipofungwa hapa kwetu, ulikuwa mlango mmoja, kwa hiyo wote tulibaki nje kwa pamoja.

Wazee wa mtandao wa Kiswahili, maana nasi tuna wazee wetu huko, wanakumbuka kwamba hatukuanza hivi. Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na blogu. Ndesanjo Macha alikuwa na yake, aliyoiita Jikomboe, akihimiza watu waandike kwa Kiswahili. Septemba 2005, kwenye mkutano kule Helsinki, mpigapicha Issa Michuzi alifungua ya kwake kwa msaada wa huyohuyo Ndesanjo, na baada ya muda Watanzania walioko Oman, Marekani na Uingereza wakawa wanaanza siku yao kwa picha za Michuzi. Kila mtu alikuwa na nyumba yake. Pembeni ya ukurasa aliorodhesha nyumba za wenzake, nawe ungetoka hapa ukaingia pale, ukaacha maoni, ukaendelea mbele. Halafu Facebook ikaja, tukahama, tukasahau funguo. Waliobaki wakakutana na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zilizotaka leseni ya shilingi 1,000,000 mbali na ada ya maombi, na wengi wakafunga.

Utaratibu ule wa kila mtu na nyumba yake ndio uliorudi, ila safari hii nyumba zinasikilizana zenyewe.

Namna zinavyosikilizana, Mtanzania ni rahisi kumwelewesha kuliko watu wengi duniani, kwa sababu tulishayaona mabadiliko yaleyale kwenye pesa za simu. Kulikuwa na wakati ukiwa Vodacom ukamtumia mtu wa Tigo, yule mtu alipokea namba ya siri kwenye ujumbe, akazunguka kumtafuta wakala wa M-Pesa, akachukua fedha taslimu palepale. Kila kampuni ilijifungia na watu wake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaanza kuunganisha, Vodacom wakaingia 2016, na leo unatoa M-Pesa unatupia Airtel Money huku unaongea na mtu mwingine. Kampuni hazikugeuka kuwa moja. Kila moja imebaki na mawakala wake, makato yake na namba yake ya kulalamikia. Walichokubaliana ni namna ya kupokezana.

Sasa uhamishie hilo kwenye mazungumzo. Kompyuta inayotunza akaunti za watu inaitwa seva. Kuna maelfu ya seva duniani, kila moja ina msimamizi wake, masharti yake na watu wake, na aliye kwenye hii anamfuata na kumjibu aliye kwenye ile kwa sababu zote zinapokezana ujumbe kwa kanuni moja. Kanuni hiyo inaitwa ActivityPub. Ilipitishwa Januari 2018 na W3C, shirika linalosimamia viwango vya tovuti ulimwenguni. Ndiyo maana anwani yako huko ina sehemu mbili, kama ya barua pepe: jina lako, kisha jina la seva uliyojiandikisha. Mjumuiko wote wanauita Fediverse.

Ndani yake, maarufu zaidi ni Mastodon, iliyoanzishwa 2016 na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko. Hiyo ni ya maandishi mafupi, kwa kawaida herufi 500. Wapenda picha wana Pixelfed. Wa video wana PeerTube, kazi ya Wafaransa wa Framasoft. Ukiwa Mastodon unaweza kumfuata mtu wa Pixelfed na picha zake zikakufikia hapohapo, jambo ambalo Instagram na TikTok hazitakufanyia kamwe.

Bluesky ni ukoo mwingine. Ilizaliwa ndani ya Twitter mwaka 2019, ikatoka, ikafunguliwa kwa kila mtu Februari 2024, na Novemba ya mwaka huohuo ikapita watu milioni 20. Inatumia kanuni yake yenyewe, na akaunti nyingi bado zinakaa kwenye mashine za kampuni yenyewe. Kwa hiyo mtu akikuambia Bluesky haina mwenyewe, mwambie mwenyewe yupo, ila amekuahidi kwamba ukitaka kuondoka utaondoka na vitu vyako. Ni tofauti kubwa na X, lakini ahadi inabaki kuwa ahadi. Mgeni anayetaka mahali panapofanana na Twitter ya zamani aanzie huko. Kuna vifurushi vya kuanzia, unabonyeza mara moja unafuata watu hamsini wa fani yako, umemaliza. Na mwenye kampuni ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro anaweza kutumia anwani ya tovuti yake, ile ya .co.tz, kama jina lake la Bluesky, mteja akajua kabisa anaongea na nani. Kwa mji huu wenye matapeli wanaojifanya mawakala wa safari, hilo peke yake linatosha kumfanya mtu ajiunge.

Nitakaa zaidi na Mastodon, kwa sababu ndiko wageni wanakopotea.

Wanapotea mlangoni. Programu inakuuliza: unataka seva ipi? Mtu hajawahi kuulizwa swali hilo maishani mwake. Wengi hubonyeza mastodon.social, ile kubwa ya waanzilishi wenyewe, na kwa kuanzia hakuna ubaya. Lakini ukiwa na nusu saa, fungua ukurasa wa seva unaoeleza habari zake, usome. Nani anaiendesha? Analipia kwa pesa gani? Anakataza nini? Ukurasa usiojibu hayo, achana nao, hata kama una picha nzuri ya tembo.

Ninasisitiza kwa sababu seva hufa. Mozilla, hao wenye Firefox, kampuni yenye jina na pesa, walifungua seva yao ya Mastodon wakaizima tarehe 17 Desemba 2024. Februari mwaka huohuo kulikuwa na seva nyingine iliyochagua anwani inayoishia na .af kwa sababu ya kuchezea maneno tu. Hizo herufi mbili ni za Afghanistan. Utawala wa Taliban ukaliondoa jina, na seva ikapotea hewani, ingawa mashine zake hazikuwa Kabul. Habari njema ni kwamba Mastodon inakuruhusu kuhama. Unaenda seva mpya, unaandika kule ya zamani kwamba umehama, na wafuasi wako wanakufuata wenyewe. Ulichokiandika ndicho hakihami, kinabaki nyuma. Kwa hiyo kila baada ya muda pakua nakala ya akaunti yako uiweke mahali. Mkulima anayejua thamani ya stakabadhi ya mauzo hahitaji kuelezwa zaidi.

Na hapo ndipo Moshi inapoingia, maana swali la nani mwenye chombo sisi hatukulisoma kitabuni. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa wa mlima huu waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association. Mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, ambayo jengo lake tunalipita kila siku pale mjini. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika 1976. KNCU ikarudi 1984. Tumeona ushirika ukisomesha watoto, tumeuona ukiyumba kwa madeni. Tumekaa kwenye mikutano mikuu ya chama cha msingi ambapo mzee mmoja anasimama na karatasi iliyokunjwa mara nne akidai maelezo ya mifuko ya mbolea ya msimu uliopita, na mwenyekiti hawezi kumkalisha, kwa kuwa mzee ni mwanachama na hisa zake amelipa.

Basi kuna seva ya Mastodon iitwayo social.coop, ilianza 2017, na inaendeshwa kwa ushirika. Wanachama wanachangia gharama, wanapiga kura juu ya kanuni, wanapeana zamu za kazi, na mahesabu yanaanikwa. Nikisoma mijadala yao kuhusu nani afukuzwe na fedha itumikeje naiona kabisa ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Wao ni watu wa mbali, Kiingereza ndiyo lugha yao, sisemi mkajazane huko. Nasema jambo hilo linawezekana, linafanyika, na linafanywa na watu ambao pengine hawajawahi kusikia jina la Moshi.

Haya. Umeingia. Siku ya kwanza ukuta ni mweupe. Hapa hakuna mashine inayokusukumia vitu. Unaona uliowafuata tu, kwa mpangilio wa saa, wa karibuni juu. Hujamfuata mtu, basi huoni kitu. Wenye lugha yetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe unapewa mlangoni.

Kabla ya kumfuata yeyote, weka picha na maelezo ya wewe ni nani. Akaunti tupu inafanana na ya tapeli, na msimamizi ana haki ya kukushuku. Kisha andika ujumbe wa utambulisho, uubandike juu ya ukurasa wako: unatoka wapi, unafanya nini, unapenda kuzungumza nini. Weka na hashitagi, ile alama ya reli. Kwenye X hashitagi ilikuwa mapambo. Kwenye Mastodon ndiyo njia kuu ya kukuona, kwa kuwa maneno yako ya kawaida hayatafutiki mpaka mwenyewe uruhusu kwenye mipangilio, na wengi hawajui hata kama kitufe hicho kipo. Na unaweza kuifuata hashitagi yenyewe kama unavyomfuata mtu. Fuata #Kilimanjaro, fuata #Kiswahili, fuata ya kazi yako, na ukuta utaanza kupata watu jioni hiyohiyo.

Tuchukue mfano. Dada, wewe unayekaanga kahawa ya nyumbani pale Marangu Mtoni ukaisaga na kuifunga kwenye vipakiti. Ukiandika «Karibuni kahawa tamu, bei poa, njoo inbox», hakuna atakayegeuka. Andika hivi: «Leo nimekaanga kahawa ya shamba la mama, mavuno ya Septemba. Nimeitoa ilipoanza kupasuka mara ya pili. Ya jana niliitoa mapema ikabaki na uchachu. Nyie mnaokaanga nyumbani mnatumia chungu au kikaango cha chuma?» Mwishoni weka #Kahawa na #Coffee na #Kilimanjaro. Umetoa kitu, umeuliza kitu. Watu wanaokaanga kahawa jikoni mwao wapo wengi ajabu kule Ulaya, na karibu kila mmoja ana maoni kuhusu kikaango.

Ukiweka picha, kuna sehemu ya kuandika maelezo yake kwa maneno. Usiiruke. Huko ni adabu, na watu watakukumbusha, wengine kwa upole, wengine kama mwalimu wa zamu. Sababu yake ni kwamba wasioona husomewa maelezo hayo na simu zao. Andika unachokiona: «Meza ya waya yenye kahawa iliyomenywa na kuoshwa, imeanikwa juani. Mwanamke mwenye kanga ya njano anaigeuza kwa mikono. Nyuma kuna migomba, na juu yake kilele cha Kibo kimejitokeza nusu kwenye mawingu.» Na hashitagi yenye maneno mengi ianze kila neno kwa herufi kubwa, #KahawaYaKilimanjaro, ili simu iisome vizuri. Ukishazoea utajikuta unaitazama picha yako mwenyewe kwa makini zaidi kabla hujaituma.

Saa nazo zina maana. Kwa kuwa hakuna mashine ya kupandisha ujumbe juu, ulioandika saa mbili asubuhi umeshazama ifikapo mchana. Mjerumani anatoka kazini wakati kwetu ni saa moja usiku, na New York wanakula chakula cha mchana saa hiyohiyo. Andika jioni. Na jambo zuri likipita bila kuonekana, lirudie kesho kwa maneno mengine, hakuna atakayekucheka.

Nimewataja Wajerumani kwa sababu wapo wengi sana kwenye Mastodon, na mlima huu wanauwazia tangu Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889. Wapo pia wanasayansi wengi waliohama X, baadhi Mastodon, baadhi Bluesky. Hapa nawageukia waongoza wageni. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba kati ya 1912 na 2007 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa takriban asilimia 85. Watafiti wanakuja, wanapima, wanaondoka. Ninyi mnapita chini ya barafu ileile msimu hadi msimu. Mwongozaji mwenye simu nzuri akipiga picha mahali palepale, jiwe lilelile mbele, kila anapopanda, akaweka tarehe na jina la kambi, baada ya mwaka ana kitu ambacho profesa atamwandikia kukiomba. Tangu Agosti 2022, TTCL walipofikisha intaneti kambi ya Horombo, mita 3,720, hata kutuma hakuhitaji kusubiri kushuka. Huyo ndiye ninayemwita mwanachama: amekuja na alichonacho.

Kuhusu lugha, andika Kiswahili. Unapotuma ujumbe kuna mahali pa kuchagua lugha yake, chagua Kiswahili, ili wanaochuja kwa lugha wakupate. Sitawadanganya, tuko wachache. Utapita siku nzima unaona Kiingereza, Kijerumani na Kijapani. Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa kuliko yote ni huu: msiingie mmoja mmoja. Ingieni kama kikundi mlichonacho tayari. Kwaya. Klabu ya mbio, zipo nyingi hapa kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon. Darasa la chuo. Mkiwa kumi mnaojibizana kwa Kiswahili kila jioni kuhusu mazoezi ya kupanda kilima cha Kibosho, tayari ni baraza, na Mkenya wa Eldoret au Mkongo wa Bukavu akipita atasimama.

Sasa adabu nyingine, hii inatugusa. Sisi tuna tabia ya kusambaza picha za ajali na miili ya marehemu kabla hata ndugu hawajaarifiwa. Mnaijua. Huko picha ya damu hufichwa nyuma ya onyo, anayetaka kuiona aibonyeze mwenyewe, na seva nyingi zitaifuta kabisa. Anayeifuta ni mtu ambaye unaweza kumwandikia. Kwenye mitandao mikubwa, kwa eneo letu, kazi hiyo ya kuchuja maudhui ya Facebook ilifanywa na vijana walioajiriwa na kampuni iitwayo Sama pale Nairobi, wakitazama mauaji na ukatili kutwa nzima kwa ujira mdogo. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyekuwa mmoja wao, aliishtaki Meta, kampuni mama ya Facebook, pamoja na Sama kwenye mahakama ya Kenya. Mwaka 2023 wachujaji 184 nao wakafungua kesi. Sisi tuliokuwa tunabonyeza kitufe cha kuripoti hatukuwahi kujua kuna binadamu upande wa pili.

Lakini msimamizi mdogo naye ana shida zake. Kwenye seva yake ni mangi, yaani chifu. Akigombana na msimamizi wa seva nyingine anaweza kukata mawasiliano baina ya seva hizo, ukaamka asubuhi rafiki zako watatu hawaonekani, na kosa si lako wala lao. Hutokea. Kama kuna mkutano wa wanachama, utauliza. Kama hakuna, utahama.

Mengine niyaseme harakaharaka kwa sababu muda unakimbia. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haufungwi kwa siri kama wa WhatsApp. Msimamizi wa seva akitaka anaweza kuusoma, hivyo namba za siri na mambo ya ndoa yasipite huko. Matapeli wapo, ni wachache kwa sababu watu ni wachache. Wateja hawatamiminika. Shangazi yako hayupo na hatakuwepo, kundi la ukoo litabaki WhatsApp. Sheria za nchi zinakufuata popote unapoandika, na Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliagiza wanaotumia VPN wajiandikishe. Na asiwepo wa kukuuzia kwamba mitandao hii haizimiki. Seva moja ikifungwa, nyingine elfu zinaendelea, hilo kweli. Intaneti yenyewe ikizimwa, kama ilivyokuwa siku kadhaa kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, zote zinanyamaza sawasawa na Facebook.

Nina ombi moja, nalipeleka pale barabara ya Sokoine. Chuo cha Ushirika kilianzishwa 1963, kikawa chuo kikuu kamili 2014. Ndani ya uzio mmoja wana wanaosoma TEHAMA na wanaosoma namna ya kuendesha ushirika. Sioni mahali pengine Afrika Mashariki panapofaa zaidi kuanzishia seva ya ushirika ya Kiswahili: wanachama, ada, katiba, mkutano mkuu, na anwani inayoishia na .tz tukijua nani anaimiliki. Nimewauliza watu wawili watatu wanaoelewa. Mmoja akasema kikwazo ni leseni, maana tangu 2018 kanuni hizo zimebadilishwa mara kadhaa na haiko wazi seva ya namna hii ihesabiwe kama nini. Mwingine akasema kikwazo ni pesa. Mimi naona kigumu ni zamu. Saa nane za usiku, wakati wa uchaguzi au baada ya mechi ya Simba na Yanga, nani atakuwa macho kuondoa matusi, na atalipwa nini? Vyama vyetu vya msingi vilipata karani wa mizani kwa sababu karani alilipwa. Wa kujitolea huchoka kufikia mwezi wa tatu.

Wenye uzoefu wa leseni hizo, na hasa mliowahi kuendesha blogu mkazifunga 2018, tuleteeni ujumbe kwa namba ya kituo. Kipindi kijacho nitayasoma majibu yenu kama yalivyo, na kama kuna mtu wa chuo anayenisikiliza, kiti cha pili hapa studio kiko wazi. Inafuata taarifa ya habari.